Karani Anangoja Kuitwa

9 Januari

Bibi yangu, mke mwenzangu mkubwa,

Shikamoo. Nimefika salama na mizigo yangu yote, hata ile chupa ya asali uliyonifungia ndani ya soksi haikumwagika. Chumba changu nilikikuta kimejaa vumbi, nikapangusa, nikalala kama gogo, na leo nimerudi kazini. Baba alinipigia akiwa njiani. Lori limemharibikia tena, lakini anakusalimu. Simu najua huipendi, unasema huwezi kugombana na mtu usiyemwona midomo, kwa hiyo naandika. Najua pia atakayekusomea ni jirani mshonaji, huku pini ziko mdomoni. Shikamoo na wewe, mama mshonaji.

Haya, niambie sasa. Mume wetu, babu yangu Karani, ameionaje ofisi yake?

Nilitamani niwepo nimwone uso. Lakini likizo iliniishia nyinyi mkiwa bado kwa shangazi mnamngoja daktari wa macho, nikaacha funguo kwa mshonaji nikaondoka. Nilitaka iwe zawadi. Kazi yangu unaijua: watu wanaofanyia kazi nyumbani wananiita, nawapangia ofisi zao mpaka wanaiona tena meza waliyoinunua. Miaka yote hii nawapangia wageni, nikasema safari hii nimpangie mume wangu mwenyewe.

Bibi, hivi hali ya chumba kile ulikuwa unaiona? Magazeti yalikuwa yamepanda hadi dirishani. Kutoka mlangoni hadi kwenye kiti palibaki kijia cha mbuzi. Kalamu zilizokauka zilijaa kopo zima la maziwa. Meza ina alama za vikombe kama imeugua ndui. Na kiti kile! Sponji iko nje, kimefungwa kwa tai ya shule, sijui ya nani, nilicheka peke yangu. Nimetoa vyote. Nimepaka rangi nyeupe, nimepigilia rafu, nimeweka meza ndogo mpya na kiti cha magurudumu. Karatasi za maana nimezigawa katika makasha manne, kila kasha nimelibandika jina lake: NYUMBA, AFYA, PENSHENI, MENGINEYO. Mtu akitaka kitu hahangaiki tena, anasoma tu.

Niandikie alisema nini alipoingia. Neno kwa neno, usinipunguzie.

Mjukuu wako,
mke mdogo asiyejua kupika


20 Februari

Mke mwenzangu mdogo,

Marahaba. Barua yako ilifika siku nyingi. Sikujibu kwa sababu sikuwa na la kusema, na mimi nikikosa la kusema hufunga mdomo, hilo unalijua tangu utoto wako.

Shangazi yako mguu umepona, amerudi hospitalini kwenye kazi yake, anatembea kama bata lakini anatembea. Baba yako alipita na lori, akala, akalala, akaondoka bila kuligusa bomba linalovuja. Ni yuleyule. Mshonaji ameitikia marahaba na anasema siku hizi pini haweki tena mdomoni. Mwongo. Namwona hapa.

Macho ya Karani yamesafishwa, yametakata. Daktari alifanya kazi yake. Sasa anaona vizuri mno, hata sisimizi akipita ukutani anamwona.

Umeuliza alisema nini, neno kwa neno. Alifika mlangoni, akasimama, akasema hodi.

Ofisi ni nyeupe. Ni nyeupe kweli.

Na mimi nina maswali mawili. Kile kiti kiko wapi? Na ile kengele ya mezani, ya shaba, ya kupigwa kwa kiganja, umeiweka wapi? Nimefungua na kufunua, sijaiona.

Uvae kitu kizito kifuani. Kikohozi chako hakikunipendeza.

Bibi yako


14 Machi

Bibi yangu wa dhahabu,

Shikamoo. Nilicheka mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta. Eti hodi! Karani na mizaha yake. Mtu anabisha hodi ofisini kwake mwenyewe! Nimewasimulia wateja wangu wawili, nao wamecheka.

Kikohozi kimekwisha. Kazi imechangamka. Wiki hii niko kwa wakili mmoja anayefanyia kazi nyumbani, mafaili yamemfukuza hadi anaandikia jikoni, juu ya friji. Nimempa sheria yangu moja: karatasi ukiishika, usiirudishe mezani. Ama ipate makao, ama itoke. Mfundishe na mume wetu hivyo, maana najua alivyo. Ukimwacha mwaka mmoja, magazeti yatarudi dirishani.

Kiti kilikuwa kimekufa, Bibi. Niliwapa watu wa gari la taka, nao walikibeba wakikishangaa. Kipya kina magurudumu, kinazunguka, kinapanda na kushuka, mgongo wake utapona. Kengele itakuwa kwenye kasha la MENGINEYO, vitu vidogo vidogo vyote niliviweka humo. Hebu tazama tena.

Mpigie saluti kwa niaba yangu.

Mke mdogo


2 Aprili

Mjukuu wangu,

Usicheke.

Nimemwambia mshonaji hilo liwe la kwanza, kabla ya salamu. Sasa nakusalimu. Sisi wazima. Shangazi yako mzima. Bomba bado linavuja.

Kasha la MENGINEYO tumelimwaga lote chini. Kuna vibanio, kuna funguo zisizo na kufuli, kuna miwani yake ya zamani. Kengele hakuna. Na ilibidi nimwite mshonaji aache nguo ya bibi harusi kwenye cherehani aje anioneshe MENGINEYO ni lipi, kwa sababu makasha yote manne yanafanana na mimi sikusoma. Ulisahau? Uliyabandika majina ili yasomwe na nani? Zamani nilijua kila kitu humo ndani. Kadi za hospitali zilikuwa chini ya redio iliyokufa. Hati ya nyumba ilikuwa kwenye bahasha yenye doa la chai lenye umbo la sikio. Nilikuwa naingia gizani natoka na kinachotakiwa. Sasa nyumbani kwangu mwenyewe mpaka nisomewe.

Lakini si hilo lililonifanya niandikishe barua.

Umechekeshwa na hodi. Nikueleze hodi yenyewe. Alipobisha hakuna aliyemjibu, maana mwenye kujibu ni yeye. Akangoja. Akabisha tena. Halafu akarudi nyuma polepole, akakaa kwenye lile benchi la korido, akavua kofia akaiweka magotini. Nikamwambia, "Karani, ingia, ni kwako hapa." Akanitazama kama mtu anayeonea huruma mjinga. Akasema, "Mama, ofisi ya mtu haiingiwi hivihivi. Nangoja kuitwa."

Tangu siku hiyo ndiyo kazi yake. Anaamka, ananyoa, anavaa koti, anabisha hodi, anakaa benchi. Mchana ananiuliza kama mwenye ofisi amefika. Jioni anasema, "Basi, nitarudi kesho," anavua koti.

Wewe babu yako ulimkuta mzee, hukumwona akiwa kazini. Miaka yote ya mahakama, watu walikaa kwenye korido kwenye mabenchi, na yeye ndiye aliyepiga kengele wakaingia mmoja mmoja. Alipostaafu aliihamishia kazi humu nyumbani. Aliyeonewa na mwajiri, aliyefukuzwa nyumba, aliyeachwa, wote walikaa benchi lile lile, wakapigiwa kengele, wakaandikiwa barua yao. Akili ilipoanza kumtoka, ilimtoka kwa zamu. Kwanza ikaondoka njia ya sokoni, halafu majina ya wanawe, halafu jina langu. Lakini akishika kile kijia chako cha mbuzi, miguu ilijua. Alikalia kiti, mkono ukaenda kwenye kalamu bila kutumwa. Humo ndani alikuwa Karani. Hata akiandika upuuzi, ulikuwa upuuzi wa Karani.

Macho aliyosafishiwa na daktari, wewe ukamfanya ayafungulie kwenye chumba cheupe.

Na nikuulize kitu kimoja. Tulirudi siku moja tu baada ya wewe kuondoka. Kwa nini hukungoja?

Kengele iko wapi?

Bibi yako

Mimi ni mshonaji. Bibi anadhani bado naandika habari za kengele. Hili hakulisema, nalisema mimi: asubuhi zote anakaa naye kwenye hilo benchi. Babu akimwona anakuja hujisogeza ampe nafasi, kama anavyompa mtu asiyemjua, na bibi husema ahsante. Amekonda. Usimwambie kwamba nimekwambia, maana ni mimi nitakayelazimika kumsomea.


30 Mei

Bibi,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa, kazi zilinizidi, nilihamahama, na posta nayo ya huku unaijua. Baba aliniambia bomba limetengenezwa, nimefurahi. Shangazi amenitumia picha yake akiwa na sare mpya, amependeza.

Barua yako niliisoma mara nyingi. Sijui nianzie wapi. Nimesoma habari za ugonjwa huo, nimeuliza pia watu wanaojua. Wanasema huwa unaendelea tu, Bibi. Hata ningeacha kila kitu kama kilivyokuwa, ungefika siku moja asiijue ile ofisi. Si kwamba nataka kujitetea. Nasema tu ili usidhani mimi ndiye niliyemfanya hivyo.

Magazeti na karatasi zilizobaki haziwezi kurudi. Nilizichoma nyuma ya nyumba, zilichukua siku nzima. Nilijua hazina kazi tena.

Jaribuni kuweka picha zake ukutani, zile za mahakamani. Wengine wanasaidiwa na muziki. Ningeweza kumtafutia mtu wa kumwangalia, wewe upumzike.

Kuhusu kengele, sikumbuki kuiona.

Mjukuu wako


17 Juni

Mjukuu wangu,

Salamu zimefika. Wazima wa afya ni mimi na ukuta.

Nimekusikia. Ugonjwa ungefika. Ndiyo, na mimi kifo kitanifika, je, ndiyo unichimbie kaburi leo tupate kuwahi?

Sasa sikiliza nilichokifanya, ucheke, safari hii nakuruhusu. Nilisema: kama ofisi ilijengwa kwa takataka, takataka si kitu adimu. Nikaenda kwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, nikaomba karatasi zake za zamani. Nikaenda shuleni, mwalimu akanipa furushi. Nikaenda kwa fundi redio akanipa redio iliyokufa. Nimebeba kichwani, mimi na nyonga hii. Nikazipanga mpaka dirishani, nikaacha kijia katikati. Meza yako mpya nimeimwagia chai, nikaiwekea vikombe vya moto mpaka ikaugua ndui kama unavyosema. Mshonaji aliniambia, "Mama, umerukwa." Nikamwambia shika upande ule, tusukume.

Ilipokamilika, nilisimama mlangoni nikaiona ni ileile. Mimi kwa macho yangu niliona ni ileile kabisa. Kwangu karatasi ni karatasi.

Karani akaja na koti lake, akachungulia, uso ukafunguka. Aliingia! Hakubisha hodi, aliingia kwa miguu yake hadi mezani. Akaokota karatasi ya juu, akaisoma. Kusoma hakujamtoka, hicho ndicho kitakachotoka mwisho. Akasema, "Hii ni risiti ya mabati." Akaokota nyingine. "Huu ni mtihani wa hesabu. Huyu mtoto amepata sifuri, mwiteni mzazi wake." Akaokota ya tatu. Akaanza kuzirudisha moja moja, taratibu, kwa adabu, kama mtu aliyekamatwa akipekua mali ya wenyewe. Akanigeukia. "Mama, nani ameleta taka kwenye ofisi ya watu? Mwenyewe akija atadhani ni sisi."

Akatoka akakaa kwenye benchi. Siku hiyo hakuuliza kama mwenye ofisi amefika.

Nilicheka, mjukuu wangu. Nilikaa kwenye kile kiti chako, kikanikimbiza hadi ukutani, nikacheka mpaka nikashika mbavu. Wewe uliyesoma ukaandika majina kwenye makasha ya bibi asiyesoma. Mimi nisiyesoma nikamjazia msomi risiti za mabati. Tumempenda mtu huyu kwa akili zetu zote mbili, na angalia tulipomfikisha.

Sasa la mwisho. Mshonaji aliletewa na mteja wake kitu kwenye simu, tangazo la mtu anayepanga ofisi za nyumbani. Akalitazama, akaificha simu. Nikamwambia onesha. Kulikuwa na picha mbili za chumba changu, moja ya zamani, moja nyeupe. Nikamwambia soma maandishi. Hakutaka. Nikamwambia soma au sikanyagi tena kwako. Akasoma: Kutoka fujo hadi utulivu.

Fujo ndiyo mume wangu. Uliyemwita fujo ni yule aliyekuwa akikuandikia mashtaka yako ukiwa na meno mawili. Na ile tai ya shule iliyofunga kiti, iliyokuchekesha peke yako, ilikuwa yako. Ulipomaliza shule uliitupa, akaiokota.

Chini kulikuwa na picha ya tatu, meza yako wewe, safi, haina kitu. Ina taa, ina ua, ina kengele ya shaba.

Mshonaji ananikumbusha nisikutukane. Sikutukani. Rudisha kengele.

Bibi yako


5 Julai

Bibi,

Shikamoo. Kengele imo ndani ya kifurushi hiki, nimeizungushia ile soksi ya asali. Picha nimezifuta zote.

Nilidanganya. Niliichukua siku ya mwisho, nikaitia mfukoni kabla sijafunga mlango.

Umeniuliza kwa nini sikungoja, na sikukujibu. Nakujibu sasa, na mama mshonaji asome polepole.

Siku niliyofika, wewe ulikuwa jikoni. Nilikimbia hadi ofisini kwake kama nilivyozoea. Alikuwa amekaa katikati ya magazeti yake, akainua macho, akanitazama vizuri sana. Akasema, "Karibu, binti. Una shauri gani?" Nikasema, "Mume wangu, ni mimi." Akasema, "Ndiyo, lakini una shauri gani?" Nikadhani anatania. Nikangoja acheke. Akachukua karatasi akaniuliza jina langu, na jina la baba yangu, na mahali ninapoishi, akawa anaandika. Nilijibu yote, Bibi. Nilimaliza, akasema, "Tutakuita."

Sikukwambia. Nilikaa mezani nikala nikakusimulia habari za kazi. Halafu mkaenda kwa daktari, nikabaki na chumba kile, na sijui kilichonipata. Nilifikiri yuko chini ya yale makaratasi. Kwamba nikiyaondoa yote, nikisafisha, nikaweka mwanga, atakuwa amebaki yeye peke yake na atanijua. Nilipomaliza nilikitazama kile chumba cheupe nikaogopa. Nikaona mnarudi, anaingia, ananiuliza tena nina shauri gani. Nikawahi kuondoka.

Kengele niliichukua kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikiniita. Nikiwa mdogo nilikaa benchi pamoja na watu wazima wenye matatizo yao, na zamu yangu ikifika alinipigia kama wao. Nilisimama mbele ya meza nikashitaki walioninyang'anya embe au kunivuta nywele, naye akaandika yote. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuandika niliyoyasema.

Huku nimeipiga mara nyingi. Hakuna anayeingia.

Akinitaja, uniambie. Je, amenisamehe?

Mjukuu wako


28 Julai

Mke mwenzangu mdogo,

Marahaba. Kengele imefika, na soksi nimeifua. Shangazi yako anakusalimu. Bomba lililotengenezwa na baba yako limepasuka mahali papya.

Takataka zangu nimezitoa, risiti amerudishiwa mwenye mabati. Ofisi ni nyeupe tena, na meza ina ndui. Nimeiacha hivyo.

Asubuhi kifurushi kilipofika, Karani alikuwa benchi. Nilipita mbele yake nikaingia, nikakikalia kile kiti chako cha kukimbia, nikaikaza miguu chini kwa nguvu kisiniaibishe. Nikaiweka kengele mezani. Nikaipiga.

Ungemwona alivyosimama. Alifunga vifungo vya koti hadi juu. Akaingia, akasimama upande wa wageni, kofia mikononi, akangoja niseme kaa. Nikasema kaa. Nikachukua kalamu, kwa sababu nilijua asiponiona na kalamu hatasema. Nikamwuliza, "Una shauri gani?"

Akasema, "Nimekuja kumwona Karani."

Nikamwambia Karani ametoka kidogo. Akauliza, "Atarudi?" Nikasema atarudi. Akatikisa kichwa, akasema basi labda niandike mimi, nimpe akija. Nikasema sema. Nikawa nachora mistari kwenye karatasi, mistari tu, mmoja juu ya mwingine, naye anangoja nimalize kila mstari ndipo aendelee, kwa heshima.

Akasema kuna mtoto wa kike alikuwa akija hapa na mashtaka yake, mtoto mdogo, ana maneno mengi. Siku hizi haji. Watu wa nyumbani kwao hawajui alipo, au wanajua hawasemi. Anamwomba Karani aandike barua, atafutwe.

Nikamwuliza jina la mtoto. Akafikiri. Akasema, "Jina lake Karani analijua."

Akaitazama karatasi yangu ya mistari. Akanyoosha mkono, akaigeuza, akaisoma muda mrefu. Nikajua leo nimeumbuka. Akairudisha mbele yangu akasema, "Mwandiko wako ni mzuri, mama. Sasa gonga muhuri." Muhuri hatuna, ulikwenda na gari la taka. Nikagonga ngumi. Akaridhika.

Sasa kila asubuhi napiga kengele. Anakuja na shauri lile lile, naandika mistari ile ile. Mshonaji anasema anifundishe japo herufi chache. Nimekataa. Nikijua kuandika nitalazimika kuandika alichokisema, na sitaki kukiona.

Unauliza kama amekusamehe. Karani hajui kama kuna aliyemkosea, atasamehe nini? Anayejua ni mimi, na mimi sijakusamehe. Uliona mume wangu amepotea, ukaniachia nikaligundue mwenyewe kwenye korido. Sijakusamehe, na kitanda chako nimekitandika. Yote mawili ni kweli. Mshonaji, andika yote mawili.

Ukija hatakujua. Nakwambia mapema usije ukatoroka tena. Usimwambie ni wewe. Usimpange. Usimlilie, hapendi watu wanaolia ofisini. Kaa kwenye benchi. Atajisogeza akupe nafasi, maana amelelewa vizuri, nawe useme ahsante. Nikipiga kengele, mwache aingie yeye kwanza.

Wewe umechelewa kufika.

Bibi yako